Vidonge vya Munganga na Vidonge vya Barabarani

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka. Mtangazaji anaingia.)

Jambo Kiziba, jambo Nyabiheke, jambo Kigeme na Mugombwa, jambo majirani zangu wa Mahama. Na nyinyi mnaoishi hapa Kigali kwenye vyumba vya kupanga, jambo pia. Kama mko kwenye kikundi cha kusikiliza, sogezeni viti. Kama betri ya redio imekwisha na kuna mtu anawasomea karatasi hii, mwambieni asome polepole, kwa sababu kuna majina ya dawa ndani.

Nazungumza nanyi kutoka Gisozi. Ni kilima ambacho Rwanda nzima inakijua, kwa sababu ndipo lilipo Jumba la Kumbukumbu la mauaji ya kimbari, na watu zaidi ya 250,000 wamezikwa pale. Lakini kuna Gisozi nyingine, ya Agakiriro, soko la maseremala. Vitanda, milango, makabati, makochi, vyote vinatengenezwa hapo. Misumeno inalia tangu asubuhi, na siku nyingine inatuharibia kurekodi. Leo habari yangu inaanzia huko kwenye misumeno.

Baba yangu mdogo alikuwa anabeba mbao pale. Nimemwomba ruhusa ya kuwasimulia. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Sema yote, mwanangu, lakini jina langu liache." Kwa hiyo jina ninaliacha.

Huyu mzee aliacha Masisi na vitu ambavyo hajawahi kutusimulia. Kwa miaka mingi alikuwa halali. Anakaa tu mlangoni mwa nyumba, hasemi, chakula hakimpendezi, na watoto wakicheka anakasirika. Wanyarwanda wana jina la hali hiyo, wanaiita agahinda gakabije. Kiswahili cha vitabu kinasema sonona. Nyumbani kwetu hatukuwa na jina lolote, tulikuwa tunasema tu "mzee anawaza sana". Mwishowe mama mdogo akamsukuma mpaka kituo cha afya cha kambi. Wakaongea naye mara kadhaa, kisha wakamwandikia vidonge vinavyoitwa fluoksetini. Baada ya wiki nne hivi, tulimsikia anapiga mluzi akichota maji. Mama mdogo alilia siku ile.

Alipopata nguvu, akataka kufanya kazi. Akaja Kigali, akapata kibarua cha kubeba mbao Agakiriro, akawa analala chumba kimoja na vijana wanne. Vidonge vyake vingine alikuja navyo ndani ya soksi. Nasema kweli, ndani ya soksi! Kwa nini? Kwa sababu aliogopa wale vijana wakiviona watasema huyu mzee ni kichaa. Alikuwa anameza kimoja asubuhi, chooni.

Mbao ni nzito. Mwezi wa pili mgongo ukaanza. Kijana mmoja mwenye roho nzuri akampa kidonge chake cha tramadoli, zile za rangi mbili, ambazo vijana wananunua kwa kificho bila karatasi ya munganga. Akameza. Mgongo haukusikia. Baada ya saa chache akaongezewa kingine. Bado. Jioni akachukua viwili kwa pamoja.

Usiku akaanza kutetemeka. Jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa, tumbo linamwendesha, miguu inarukaruka yenyewe, moyo unakimbia. Wale vijana wakasema malaria, wakamfunika blanketi mbili. Mmoja akasema hapana, mzee amerogwa. Mwingine akakimbia kununua maziwa. Mzee akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akimwita mtu aliyekufa zamani. Hapo wakaogopa, wakampandisha kwenye gari la jirani.

Kituoni wakapima malaria. Hakuna. Muuguzi akamuuliza mzee, "Unatumia dawa gani?" Akajibu, "Hakuna." Akawauliza vijana, "Amemeza nini leo?" Wakatazamana. Hakuna.

Sasa sikilizeni. Mzee alijua kuhusu fluoksetini, akaificha. Kijana alijua kuhusu tramadoli, akaificha, maana aliogopa polisi. Kila mmoja alikuwa na nusu ya habari, na nusu moja haimsaidii munganga. Yule muuguzi hakuchoka. Akaomba simu ya mzee, akampigia mama mdogo Mahama, saa nane za usiku. "Mama, mume wako anameza dawa gani?" Mama mdogo akainua godoro, akatoa boksi lililobaki nyumbani. Yeye shule yake iliishia darasa la nne. Akasoma kwenye simu herufi moja moja: F, L, U, O, X, E, T, I, N, E. Kijana aliposikia hivyo, akaingiza mkono mfukoni, akaweka karatasi ya tramadoli mezani.

(Muziki, sekunde tano.)

Ni nini kilimpata? Nilimwomba munganga mmoja anifafanulie kwa lugha ya mtu wa kambi, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Katika ubongo kuna kitu kinaitwa serotonini. Kinabeba ujumbe kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, na kinahusika na furaha, usingizi, tumbo, hata joto la mwili. Mfikirie beseni chini ya bomba la kambi, beseni lenye tundu. Maji yanaingia, maji yanatoka. Fluoksetini inaziba lile tundu kidogo ili maji yasiishe haraka. Ndiyo kazi yake, na ni kazi nzuri. Lakini tramadoli, ambayo sisi tunadhani ni dawa ya maumivu tu, nayo inaziba tundu lile lile. Ukiweka zote mbili, beseni linafurika. Kufurika huko ndiko kutetemeka, jasho, kuharisha, misuli kurukaruka, joto kupanda, kuchanganyikiwa. Kukizidi, mtu anapata degedege na anaweza kufa. Tramadoli hata peke yake, ikizidi, inaleta degedege. Ikikutana na dawa za huzuni, hatari hiyo inapanda.

Na kuna jambo lililonishangaza zaidi. Mnakumbuka kwamba kidonge cha kwanza hakikutuliza mgongo? Haikuwa dawa feki. Tramadoli ikiingia mwilini, ini linaibadilisha kwanza ndipo inapata nguvu yake kamili ya kuua maumivu. Fluoksetini inazuia ini kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mtu anayemeza fluoksetini anaweza kumeza tramadoli akapata nafuu ndogo sana, huku sumu inajaa upande wa pili. Hajui. Anasema, "Hii haina nguvu, nipe nyingine." Kodeini nayo inazuiwa hivyo hivyo. Mzee wetu hakuwa mlevi wa vidonge, ndugu zangu. Alikuwa anatafuta nafuu ambayo mwili wake haukuweza kumpa.

Dalili hizi mara nyingi zinaanza ndani ya saa chache baada ya kuongeza dawa ya pili, na karibu zote zinaonekana ndani ya siku moja. Ndiyo maana zinatudanganya. Kambini mtu akitetemeka na kutoa jasho, sote tunasema malaria. Tupime malaria, sawa kabisa. Lakini kama kipimo kinasema hakuna, na mtu huyo ana dawa ya huzuni, sema hapo hapo.

Sasa niseme kidogo kuhusu dawa yenyewe, maana najua kuna wengine hawana fluoksetini, wana nyingine. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR walitoa mwongozo kwa vituo vya afya vya mahali penye dharura kama kwetu. Kwa ugonjwa wa huzuni dawa zilizomo ni mbili, fluoksetini na amitriptilini. Amitriptilini kwenye boksi inaandikwa A, M, I, T, R, I, P, T, Y, L, I, N, E. Nyumbani tunaijua kama "ile ya kulalisha", kwa sababu inaleta usingizi na kinywa kinakauka.

Hiyo ya kulalisha ina ujanja wake. Waganga wanaitoa pia kwa dozi ndogo kwa watu ambao hawana huzuni kabisa, kwa mfano mwenye miguu inayowaka moto usiku, au kichwa kinachouma kila mara. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kupewa amitriptilini na munganga wa miguu, na nyingine na munganga wa mawazo, kwenye vituo viwili tofauti, rangi tofauti, naye anameza zote akidhani ni dawa mbili. Linganisheni majina, si rangi. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule alinganishe herufi. Amitriptilini ikizidi inaugonga moyo, na huo si mchezo. Isiwekwe mahali ambapo mtoto anafika. Na kama nyumbani kuna mtu ambaye amechoka na maisha, anasema maneno ya kuaga au ya kujiumiza, vidonge vya mwezi mzima visikae kwake. Mtu mwingine avitunze, ampe cha siku, na mpelekeni kituoni leo leo.

Kanyanga. Najua mmecheka. Kanyanga na amitriptilini zote zinalalisha. Ukiweka na tramadoli juu yake, umeweka vitu vitatu vinavyolalisha, na usingizi wa namna hiyo unaweza kushuka hadi mtu anasahau kupumua. Au anatapika amelala chali, matapishi yanaingia kifuani. Mugo ni hivyo hivyo, tena haraka zaidi. Mtu akikoroma kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake, usiseme "mwache alale, pombe itamtoka". Mtikise. Akikataa kuamka, tafuteni msaada.

Kuna wanaume, na wamenieleza wenyewe, wanaacha kidonge Ijumaa ili wanywe Jumamosi, kisha Jumatatu wanarudi kwenye dawa. Kwa fluoksetini mchezo huo haufanyi kazi, maana dawa hiyo inabaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Jumamosi bado iko ndani yako. Na dawa hizi kwa jumla, ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi mbaya, hofu, na ile huzuni inarudi mlangoni. Kama unataka kuacha, sema na aliyekuandikia, atakupunguzia polepole.

Bangi, au urumogi. Mvutaji anasema inamtuliza. Sitabishana naye hapa redioni. Ila bangi inaukimbiza moyo, amitriptilini nayo inaukimbiza, na mbili pamoja zimewaleta watu hospitalini wakiamini wanakufa. Tena kwa mtu aliyeona vita, bangi mara nyingi inaamsha hofu na kudhani kila mtu anamfuata. Munganga anamwongezea dozi kwa sababu hajui kwamba kuna moshi katikati.

Na hapa ndipo penye mfupa. Watu hawasemi kwa sababu bangi na kanyanga ni makosa ya sheria hapa Rwanda, na mkimbizi anaogopa kesi mara mbili. Mimi ningekuwa na wasiwasi huo huo. Niliuliza wauguzi kambini, "Mtu akikuambia amevuta, unafanya nini?" Mmoja akanijibu, "Nafanya nini? Nabadilisha dawa." Kazi yake ni kukutibu. Si lazima utaje uliyenunua kwake. Taja ulichomeza, kiasi gani, saa ngapi. Kama unaona aibu mbele ya watu, omba mlango ufungwe. Una haki ya kuomba.

Turudi kwenye mgongo, maana ninajua swali lenu: basi tumeze nini? Mbao hazijapungua uzito, na ndoo ya maji pia. Diklofenaki na ibuprofeni tunazipenda sana, tangu Congo. Lakini ukizimeza pamoja na fluoksetini, tumbo linaweza kutoka damu kwa ndani kirahisi zaidi. Ukiona choo cheusi kama lami, au matapishi kama masalia ya kahawa, nenda kituoni, usingoje asubuhi. Parasetamoli ndiyo inayoelewana vizuri zaidi na dawa za huzuni. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mtu anayekunywa pombe kila siku au aliyekonda sana ameze chini ya hapo, kwa kumuuliza muuguzi, kwa ajili ya ini. Haina nguvu kama tramadoli, sitawadanganya. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia. Kubeba mbao mbili badala ya nne kunasaidia zaidi, ila najua anayelipwa kwa mbao hawezi kusikia hilo.

Simaanishi tramadoli ni sumu kwa kila mtu. Kuna mtu aliyepasuliwa, munganga akamwandikia, akapimiwa. Sawa. Ninasema ile ya mfukoni mwa rafiki, kwa mtu ambaye ana dawa nyingine ndani ya soksi.

Na si tramadoli peke yake. Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zina kitu kinaitwa dekstromethofani, nacho kinaijaza serotonini. Hata ukipewa dawa ya malaria, mwambie anayekupa kwamba unameza dawa ya huzuni, maana baadhi ya dawa za malaria na amitriptilini zote zinagusa mapigo ya moyo. Asikukataze malaria kutibiwa. Atachagua tu.

Ikitokea kwenye chumba chenu kama ilivyotokea kwa mzee, msimfunike blanketi mtu anayewaka joto. Mvueni, mpepeeni. Kama hana fahamu au ana degedege, mlazeni kwa ubavu, msiweke kijiko wala kidole mdomoni, na hayo maziwa, tafadhali, yaacheni. Mtu asiyeamka vizuri akinyweshwa maziwa yanaingia kwenye mapafu. Pigeni 912, ni gari la wagonjwa kwa Rwanda nzima. Chukueni kila paketi mnayoipata, ya munganga na ya barabarani, mtieni kwenye mfuko mmoja, mwende nao.

(Muziki, sekunde tano.)

Mzee alikaa hospitali siku mbili. Walisimamisha dawa zote, wakamwekea maji, wakampa ya kutuliza misuli, wakampoza mwili. Siku ya tatu akaomba chai. Baadaye munganga wa mawazo akamrudisha kwenye fluoksetini, polepole, kwa sababu ile huzuni haikuwa imeondoka, na dawa yenyewe haikuwa na kosa.

Wale vijana wa chumbani walikuja kumwona. Aliogopa watamcheka. Yule aliyempa tramadoli akakaa pembeni ya kitanda, akainama, akasema, "Mzee, na mimi silali." Walikaa miezi miwili chumba kimoja, kila mmoja akijifanya amelala.

Nimefikiri sana juu ya sentensi hiyo. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 mwezi wa nne, nchi hii inasimama kukumbuka, na hapa Gisozi unasikia watu wakilia mchana. Wanyarwanda wana neno ihahamuka, na mtu likimpata kuna wenzake wanamkimbilia, wanamshika, wanampa maji. Sisi wakimbizi tunaliona hilo kila mwaka, halafu tunarudi vyumbani kwetu na kuficha kidonge ndani ya soksi.

Siku hizi yule kijana anakwenda kuongea na mshauri. Tramadoli hajaiacha yote, ameniruhusu niseme hivyo, anapunguzwa kwa msaada wa munganga, maana aliizoea na mwili unaidai. Baba mdogo yuko bado Agakiriro, lakini habebi tena. Bosi mmoja amempa kazi ya kupiga msasa viti. Pesa ni ndogo kuliko ya mbao. Vidonge vyake viko ndani ya kopo la kahawa juu ya dirisha, watu wote watano wanajua ni vya nini, na yule kijana ndiye anayemkumbusha asubuhi.

Kama una swali, mpe kiongozi wa kikundi chenu, aliandike nyuma ya karatasi hii. Halihitaji jina. Wiki ijayo munganga atakaa nami hapa studio kuyajibu, na mama mmoja wa Nyabiheke ameshatuma la kwake kuhusu dawa hizi na kunyonyesha mtoto, kwa hiyo akina mama msikose.

(Muziki wa kipindi unapanda. Mwisho.)